Utani Mbele ya Mashine

Siku hizi sauti ndiyo kitambulisho. Mwizi aliiga ya shangazi yangu Sekalinga, akakopa nayo mpaka shangazi akanyimwa hata dawa ya presha. Kuirudisha, sheria inataka mtani wako akuchokoze mbele ya mashine, maana mwizi haigi majibu.

Gama, mtani wake Mngoni, akaanza: “Mhehe huyu! Babu yake alitupa mkuki akakimbia!”

“Aliutupa ukamchoma babu yako matakoni,” shangazi akajibu papo hapo. “Ndiyo maana ukoo wenu mnakula mmesimama!”

Ofisi nzima ikaangua kicheko, mashine ikamkubali. Simba jike yule!

“Usitaniane ovyo nje, mama,” karani akamwonya. “Wezi wanasikiliza, wanajifunza.”

Njiani Gama akamchokoza tena. Shangazi akafumba mdomo, akampungia mkono tu.