Jagi la Mzee Mativo

Mzee Mativo alifuta kiti kwa leso, akaifuta leso kwa leso nyingine, ndipo akaketi. Hata hivyo aliketi ukingoni, kana kwamba kuku walilala hapo jana.

Alikuwa amekuja Ziwani kuona nyumba ambako binti yake Wayua angeolewa. Wayua mwenyewe alikaa kando yake, mikono mapajani, akimwibia jicho mchumba wake Wekulo, kijana wa kiwanda cha sabuni. Wote wawili walijua: mzee akiinuka bila kunywa chochote, posa imekufa.

Tatizo lilikuwa uani. Kupitia mlango alionekana Babu Patrobas, jino moja kinywani na tumbaku ya magadi shavuni, akivuta pombe ya busaa chunguni kwa mrija mrefu. Alivuta, akauchomoa mdomoni, akampa mzee mwenzake. Mwenzake naye akavuta.

"Hata hakuufuta," Mativo akasema.

"Ni heshima, baba," Wekulo akajibu. "Na mrija una kichujio nchani. Machicha yanabaki chini."

"Na mate yanabaki wapi?"

Mativo akamwinamia Wekulo.

"Nikwambie kitu. Kuna nyota zimebanana maelfu kwa maelfu, kama nyuki mzingani. Wataalamu walidhani zote ni za wingu moja, damu moja. Wakapasua nuru yake kwa kioo, wakakuta baadhi zina sodiamu nyingi kuliko dada zake. Sodiamu, hiyo ya kwenye chumvi. Unajua wanashuku ilitoka wapi?"

"Sijui, baba."

"Nyota kuukuu zilitema ya tumboni, na wadogo zake wakajiumba kwa matapishi hayo. Tangu nisome hivyo, usiku sitazami juu."

Nangila, mama yake Wekulo, alikuwa amesimama hapo na jagi jipya, karatasi ya duka bado imebandikwa. "Basi Baba Wayua, nikuletee yako kwa hili."

"Nisione machicha."

"Nitachuja kwa kitambaa."

"Kilichofuta nini?"

"Basi chujio la chai."

"Lenye majani ya juzi? Mama Wekulo, machicha sitaki, kitambaa sitaki, chujio sitaki."

Wayua akafumba macho. Nangila akatazama jagi, akatazama uani.

"Haya," akasema polepole. "Utapata, mzee wangu."

Akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Busaa siku hizo ilikuwa ya kufichwa, askari wasiione. Alikawia kuliko mtu anayejaza jagi. Aliporudi, jagi lilikuwa limejaa busaa laini, isiyo na hata punje.

Mativo hakunywa. Alitoa mfukoni kioo cha pembetatu cha kupasulia nuru na kipande cha waya, akaagiza kijiko cha busaa ya chunguni, akasogea kwenye stovu iliyokuwa ikiwaka pembeni. Alichovya waya kijikoni, akauchoma, akachungulia mwali kwa kioo. Akaupangusa vizuri, akauchovya jagini, akauchoma tena. Safari hii mwali uliruka manjano kama ua la alizeti.

"Sodiamu imezidi," akasema. "Hii na ile ya chunguni si kitu kimoja."

Nangila akashika pindo la kanga yake.

"Kwa hiyo vyungu ni viwili," mzee akamalizia, na kwa mara ya kwanza akaegemea kiti. "Umenipikia yangu peke yangu."

Akanywa. Akanywa tena, akalamba mdomo. "Wayua, umepata watu wasafi. Chagueni tarehe." Kisha akanyoosha jagi tupu. "Mama Wekulo, hebu ongeza."

Nangila akalichukua, akatoka uani, akafunga mlango.

"Anataka jingine," akanong'ona.

Babu Patrobas akaguna. Akahamishia tumbaku shavu la pili, akavuta mrija mpaka mashavu yakatuna, akainamia jagi, akatema taratibu, asimwage hata tone.