Haihesabiki Jikoni

Salha alipata jibu sahihi, lakini mtandao ukamnyima alama. Siku hizo masomo yote yalipitia mitandao ya kijamii, na kila mwanafunzi alitakiwa kutaja akaunti iliyomfundisha. Yeye aliandika, "Mama." Mtandao ukajibu kwamba mwalimu huyo hana wafuasi, kwa hiyo hatambuliki.

Mwanahawa, mama yake, ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu jikoni kwa kukata chapati. Alisoma jibu lile akakunja uso. "Basi watanitambua," alisema.

Akafungua akaunti. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba pale mtaani akiwaomba majirani wamfuate. Jioni aliegemeza simu ukutani na kufundisha mpaka sauti ikamkauka. Waliomcheka aliwaeleza upya, taratibu. Wafuasi wakaongezeka, na mwishowe mtandao ukamtambua kuwa mwalimu. Mama na binti wakakumbatiana, wakacheka hadi machozi.

Kesho yake Salha alikwama kwenye swali. Mwanahawa akavuta kigoda karibu naye. "Hebu nikuonyeshe, mwanangu."

"Hapana, mama. Nenda chumbani ukafundishie kwenye akaunti. Ukinionyesha hapa haihesabiki."

Mwanahawa akakirudisha kigoda mahali pake, akaenda, akafunga mlango, akawasha simu. Uso wa binti yake ukatokea kwenye kioo, mdogo, katikati ya nyuso za watu asiowajua.

"Shikamoo, mwalimu," Salha alisema.

"Marahaba," akaitikia Mwanahawa, akajikaza, akaanza somo.