Vidudu vya Baba Winnie

Selina alihakikisha mumewe bado anaoga, akadondosha mafuta ya sangara ndani ya chupa yake ya maji ya kijani, akaifunga upesi.

Muda si mrefu Venant alipaza sauti uani. "Mama Winnie! Njoo uone, vimetoa tena!"

"Wacha wee!" Selina aliitikia, moyo ukimuuma.

Tangu kituo chao cha utafiti kifungwe na wafanyakazi kupunguzwa, Venant alibaki na vidudu hivyo tu, vya ziwani, visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa jua. Alikuwa amevibadili asili yao ili vitoe mafuta ya kuendeshea injini. Miezi ikapita, maji yakabaki maji. Venant akaacha kula, akawa mtu wa kutazama ukuta. Ndipo Selina, muuza mapanki, mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, aliyoikaanga pale sokoni Mwaloni, alipoanza kudondosha. Angefanyaje? Mfa maji haishi kutapatapa.

Sasa Yeremia, kaka yake Venant, alikuwa amewapatia shamba la pamba Magu. Mvua zilikaribia, alitaka jibu. Venant hakutaka kusikia.

"Niviache leo, na ndiyo kwanza vimeanza kutoa?"

Selina aliona uongo wake utawaua wote kwa njaa. Akaacha kudondosha. Atalia, alijisemea, kisha tutakwenda kulima.

Asubuhi iliyofuata Venant alikawia kuita. Lakini aliita. Mafuta yalikuwa yanaelea juu, na kesho yake yakaongezeka.

Selina alipiga magoti kando ya chupa, akalia kwa furaha. Kumbe mumewe hakuwa mwendawazimu! Akampa dereva wa lori liendalo Magu salamu za kumfikishia Yeremia: wasisubiriwe, shamba apewe mwingine. Lori likaondoka.

Akashuka Mwaloni akiimba. Odeta, aliyekaanga jirani naye, alishangaa.

"Una nini leo, Mama Winnie?"

"Mungu ni mkubwa! Vidudu vya Baba Winnie vinatoa mafuta kweli!"

Odeta aliweka mwiko chini.

"Jamani, Selina. Shemeji kaja nyumbani kwangu jana na leo, alfajiri, kuomba mafuta ya sangara. Anasema vidudu vyake vimekauka, ila wewe usijue, maana tumaini lako lote liko kwenye ile chupa."