Ua la Buluu la Sebuleni

Kwa mujibu wa sheria, kila kiumbe hai kina mpigapicha mmoja tu: yule aliyekiwahi. Kamera za wengine wote hukiruka na kuonyesha kilicho nyuma yake.

Kwa miaka mingi Aikande alilitafuta ua dogo la buluu kwenye miamba ya juu ya Kilimanjaro. Siku alipolipata, alipiga magoti na kuwasha kamera. Kioo kilionyesha jiwe tupu. Mumewe, Eliringia, aliyepanda ili kumbebea hema, alisimama kando na simu mkononi.

"Nilidhani ni ua la kawaida, mke wangu," alisema. "Kwani ua si ua tu?"

Picha aliyoipiga Eliringia ilitundikwa sebuleni. Wageni walimsifu Eliringia, naye Aikande aliwamiminia chai.

Mwaka uliofuata Aikande alijifungua binti. Eliringia aliingia wodini akicheka, akainua simu. Kiooni alimwona mkewe, ambaye yeye ndiye aliyemwahi, amekumbatia khanga tupu.

"Mbona mtoto haonekani?"

"Si huyu hapa, mume wangu," Aikande alijibu, akifunika lenzi ya kamera yake. "Nilidhani ni mtoto wa kawaida."