Rimu za Inchi Kumi na Saba

Mgane alikuwa amepiga magoti kando ya gari la watu, futi ya kupimia mkononi, maji ya sabuni yalipommwagikia kichwani.

"Ala! Umepoteza nini huko chini, jirani?" Alikuwa ni Mstaafu, aliyekuwa dereva wa basi la shule, ndoo mkononi, upande wa pili wa gari.

"Msumari."

"Ukiupata nipe, nitundikie kofia yangu."

Mgane akainuka, akajipangusa, akaenda zake. Alichokitaka alishakipata: rimu za inchi kumi na saba, tairi limetokeza nje ya bodi kwa upana wa vidole viwili. Gari lenyewe zee tu, toleo moja na lake. Lakini lile lilikuwa liking'aa, na kila Jumapili asubuhi Mama Duka alipanda humo na Mstaafu, wakaelekea barabara za nyuma, polepole, wakicheka. Mgane aliwaona wakiondoka. Wakirudi, hakuwa na moyo wa kutazama.

Mtaa ulianza kumwita Mgane baada ya mkewe kufariki, kana kwamba kufiwa ni kazi, ilhali kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu. Mke alifia kwenye benchi la hospitali akingoja daktari. Wakubwa walioizindua hospitali hiyo kwa hotuba wao hutibiwa kwingine. Tangu siku ile, mtu pekee aliyemwuliza kama amekula alikuwa Mama Duka. Mgane akakata shauri kumposa. Ndipo Mstaafu akachomoza na gari.

La Mgane lilikuwa limelala chini ya turubai. Matairi yalikuwa vipara, na saizi yake, inchi kumi na tatu, hailetwi tena madukani. Bila matairi huendi ukaguzi, bila ukaguzi hupati stika, na mwanamume asiye na stika atamchukua nani matembezini?

Akaenda kwa fundi wa matairi. "Nifungie kama zile za kwa Mstaafu."

Fundi akacheka. "Zile ukaguzi ujao hazipiti. Nilimwonya mwenyewe, akaniambia roho imependa. Wewe chukua kumi na nne, tairi lenye ukuta mfupi kidogo. Mduara wa nje unabaki uleule, kioo cha spidi hakikudanganyi, na tairi linakaa ndani ya bodi."

"Kumi na nne! Nitaonekana nimevaa viatu vya mtoto."

"Afadhali viatu vya mtoto kuliko kutembea peku, bwana."

Mgane akaguna. Sheria za namna hiyo hutungwa na watu ambao magari yao hubadilishwa kabla tairi halijazoea lami. Lakini mnyonge ana chaguo gani? Akafungiwa kumi na nne. Mkaguzi akazunguka gari mara moja, akachungulia chini, akambandikia stika.

Mgane akaliegesha mbele ya duka kabisa, stika ikitazama mlangoni.

"Heee, Mgane! Umelifufua!" Mama Duka akatoka kaunta kuja kulitazama. "Limependeza."

"Na ni halali tupu. Si kama lile la kule."

"Lile lina nini?"

"Huoni zile rimu? Kikongwe kuvikwa bangili! Aliyezichagua hana akili."

Mama Duka akarudi kaunta, akaanza kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangika tangu asubuhi.

"Jumapili naenda kwa kaka yangu," akasema baadaye, sauti imepoa. "Tuna mazungumzo ya kifamilia."

"Nani anakupeleka?"

"Gari lipo."

Mgane akaondoka na wivu wake. Mwanamke haendi kwa kaka yake na mwanamume hivi hivi. Hiyo ni posa! Yeye ahangaike kutafuta saizi ya halali kama mwizi anayetafuta toba, na yule apite na yake ya haramu, ale na ndizi na ganda lake?

Jumamosi akaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu hakuinua hata uso.

"Rimu kumi na saba kwenye gari la kumi na tatu," Mgane akasema. "Tairi liko nje ya bodi. Kesho asubuhi litapita kwenye kona ya shule. Mkiliacha, siku litakapoua mtoto msije kutupa pole."

Serikali ambayo mashimo ya mtaa ule imeyatazama tu miaka yote, safari hii ikamsikia. Jumapili, kabla jua halijakolea, askari walikuwa konani na gari la kuvutia magari. Dirishani, Mgane aliliona lile gari likikokotwa, pua juu, na Mstaafu amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani.

Akavaa shati lake jeupe. Akaendesha taratibu hadi dukani. Mama Duka alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevaa nguo za kutokea, macho mekundu.

"Pole, nimeona," akasema Mgane, akamfungulia mlango wa mbele. "Ndiyo dunia, mama. Lakini mimi nipo, na langu lina stika. Panda. Leo nakupeleka popote utakapo."

Mama Duka akapanda, akajifunga mkanda, akapakata mkoba wake.

"Mungu akubariki, Mgane," akasema. "Mwalimu wangu wa udereva ametangulia. Nipeleke kituo cha polisi, nikalikomboe gari langu."