Kitanda cha Dirishani

Niliporudi na beseni la maji, muuguzi alikuwa ameinama juu ya mjukuu wangu, akimsukumia dawa ya njano kwenye mshipa wa mkono.

Dawa yake yeye haina rangi.

Asubuhi, kwa kiherehere changu, tulibadilishana vitanda. Mjukuu alililia dirisha, na mama wa kitanda cha nne akasema, "Hamna neno, bibi, watoto ni wetu sote." Tukahamisha watoto, mashuka, hata vikombe. Mafaili tukayaacha yakining'inia palepale vitandani.

"Ngoja, mwanangu!"

"Kitanda cha nne namaliza, bibi," alijibu bila kugeuka, kidole gumba kikizidi kusukuma.

Kwenye kitanda chetu cha zamani, yule binti mwingine alikuwa amekwishanyoosha mkono, akisubiri dawa yake ya njano.