Nyumba Isiyo na Shimo

"Katika mtaa huu mzima, nyumba isiyo na shimo ni yangu peke yake!"

Stany alipenda kuwatangazia wageni hivyo, kifua mbele, mikono bado imejaa udongo.

Na nani angembishia? Upande ule wa Kolwezi watu walichimba kobalti humo humo majumbani. Huyu chini ya kitanda, yule jikoni, na fundi viatu mmoja katikati ya duka lake. Stany yeye alikuwa msanii. Kuta alizipaka udongo mwekundu wa kichuguu, akazipamba kwa nyaya za shaba zilizosukwa kama nywele za bibi harusi. Mlangoni alisimamisha wanawake wawili wa mti wa mukula, midomo wazi. "Shangazi zangu," aliwaambia wageni. "Mwizi akiwaona, anasalimu na kurudi."

Sebuleni ndipo watu walipokosa maneno. Sakafu yote ilikuwa malakiti, jiwe kwa jiwe, kijani kinachong'aa. Katikati aliketi mchimbaji aliyefinyangwa kwa udongo, mkubwa kuliko mtu, taa kichwani, viganja vyote viwili vikikandamiza sakafu.

"Mbona hamumuweke pembeni?" watu waliuliza wakimzunguka.

"Huyu? Muzito. Tena muvivu, kama ndugu yangu Mpoyi."

Mpoyi, mdogo wake, alikuwa Fungurume akitafuta kazi tangu mvua zilipoanza. Stany mwenyewe ndiye aliyeleta habari hiyo.

Jumapili moja aliingia Wivine, mke wa Mpoyi, mtoto mgongoni, mfuko wa nguo kichwani.

"Shemeji, kesho mi naenda Fungurume. Nitamutafuta mupaka nimuone."

"Na mutoto mugongoni?" Stany akacheka. "Ngoja kidogo. Bwana yako atarudi na tumbo kubwa ya directeur, we mwenyewe hautamujua."

"Ulisema vile Noeli. Pasaka ukasema tena. Simu yake haipite. Kama amepata mwanamuke mwingine, aniambie mu macho."

"Mwanamuke gani? Mpoyi anaogopa hata mbuzi!"

Wivine akakaza kanga ya mtoto. "Nyumba ya kupanga nimesharudishia mwenyewe. Nguo zake nimebeba zote. Kama ni kulala njiani, tutalala."

Stany alimtazama mtoto: paji la uso la Mpoyi, lile lile. Akafungua kinywa ili amzuie huyu mwanamke, kwa neno lolote la kweli. Kilichotoka ni mzaha mwingine.

"Basi ukimuona, mwambie arudishe viatu vyangu."

Mama wa Stany na Mpoyi, Mama Mwadi, akatoka jikoni na bukari, ugali wa huko. Kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, kabla hajamwandalia mtu yeyote alimega tonge, akaliweka miguuni pa yule mchimbaji. Kisha akamwagia kikombe cha maji. Maji hayakutapakaa. Yalipenya katikati ya mawe, yakaenda zao.

"Muone mama!" Stany akapiga kofi. "Analisha udongo! Sisi wenye matumbo tutakula nini?"

Mama Mwadi akamgeukia Wivine. Alimtua Wivine mfuko kichwani, akauweka sakafuni kando ya sanamu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Usiende, mutoto yangu. Bwana yako haiko Fungurume."

"Mama, acha..." Stany akaanza.

"Ile siku udongo ulianguka, we ulifikiri mi niko kanisa." Sasa alikuwa akimtazama Stany. "Nilikuwa pa dirisha. Nilikuona unamufunika ndugu yako mule mu shimo yako na hii majiwe ya muzuri, moja-moja, unalia kuliko mi mama yake."